Mlio wa Saa ya Habari

Tulipotoka kumzika Balozi Mfaume, pilau ikapakuliwa, na Bi Sharifa, ambaye uzee haujamwondoa kwenye usimamizi wa masufuria, akawaambia vijana wagawaji, "Yule mwenye kofia ya kijivu mrukeni." Vijana wakadhani hawakusikia vizuri. "Mrukeni, nimesema. Atakula huko alikotoka." Nikainua shingo kumwona anayerukwa. Alikuwa mzee mwembamba, amekaa ukingoni mwa mkeka, fimbo mapajani, sahani za wenzake zinapita mbele ya uso wake na yeye hazitazami. Kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kitu kilichoko chumba cha pili. Sura ilikuwa imebadilika kiasi cha kutotambulika, lakini shingo ile niliijua. Niliitazama karibu mwaka mzima, nikiwa nimetumwa niitazame. Jambo la kwanza lililonijia, kabla hata ya furaha, lilikuwa lile lile la zamani: huyu Hizza amefuata nini huku?

Mwaka huo ninaousema ndio tulioambiwa tuhamie vijijini. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea, na nilikuwa na haya kiasi kwamba nikitumwa dukani nilisubiri wateja wote waondoke ndipo niseme ninachotaka. Tuliishi kwa kutawanyika, kila nyumba na mikorosho yake, kaskazini ya Lindi, njia ya kwenda Mchinga. Juu ya kilima chetu palikuwa na nyumba ya mawe ya karani wa shamba la mkonge lililokufa. Siku moja likaja lori likashusha milingoti, nyaya, jenereta na makasha yaliyoandikwa yasipinduliwe. Mzungu mmoja mrefu alisimamia kazi, milingoti ikainuliwa, nyaya zikatandazwa baina yake kama kamba za kuanikia nguo za majitu, kisha akaondoka na lori lake na hakuonekana tena. Akabaki kijana wa Chuo Kikuu, mtu wa Tanga, jina lake Hizza. Kusini ya Ruvuma kulikuwa na vita, Mreno alikuwa hajatoka, na kila mkutano tuliambiwa mgeni aangaliwe. Sasa mgeni wetu alikuwa na nguzo ndefu kuliko mnazi wowote, na alikuwa hamjui mtu.

Balozi Mfaume alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Akaniita barazani kwake. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ambayo ilibidi airudie mwenyewe ndipo aiitikie. "Marahaba. Yule bwana wa kilimani anatafuta mpishi. Nimemwambia nitampa wewe."

"Mie sijui kupika vya watu wa mjini, Baba."

"Hatukupeleki kwa ajili ya mapishi. Wewe husemi, mwanangu. Mtu asiyesema husahauliwa kwamba yupo. Sikiliza anachosema, tazama anachofanya, kila Ijumaa uje unieleze." Mke wake alikuwa anapepeta mchele pembeni. Akasema bila kuinua uso, "Na akimtazama sana mtoto wa watu?" Balozi akajibu, "Hilo nalo atanieleza."

Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitatu. Cha kulia alilala, cha kushoto palikuwa na meza ya kulia chakula na ramani ya dunia, na cha katikati palikuwa na mashine. Mashine yenyewe ilikuwa kabati la chuma lenye urefu wa mtu, lina saa usoni na taa ndogo, na kila robo saa ilijiamsha yenyewe: kwanza ikagonga tak, kisha ikanguruma kwa muda wa kumeza mate mara kadhaa, kisha ikanyamaza. Nilikuwa jikoni uani nikiisikia mchana kutwa. Nilijifunza kuivizia. Niliweka sufuria ya muhogo mlio mmoja, nikaiepua baada ya mingine miwili. Kulikuwa na saa ambazo Hizza alitundika kitambaa cheusi dirishani, akajifungia humo, na chini ya mlango ukatoka mwanga mwekundu na harufu kali kama siki. Nikibisha hodi kupeleka chai alijibu kwa ukali asiokuwa nao saa nyingine, "Usifungue! Usifungue mlango, Somoe!" Akitoka alikuwa ameshika mkanda wa filamu unaodondosha maji, anaunyanyua kwenye jua na kuutazama kwa mapenzi ambayo sikuwahi kuona mtu akiyaelekeza kwenye chakula changu.

Chakula alikula chochote. Kisamvu, dagaa, pweza aliyekuwa mgumu kwa sababu niliogopa kuuliza apikwe mpaka lini. Msimu wa ming'oko nilimchemshia, viazi vile vya porini ambavyo watu wa Tanga hawavijui, akavila akiwa amekunja uso. "Hivi mwala nini hivi?" aliuliza. "Nakuuliza wewe, Somoe, au umemeza ulimi?" Nikasema ni ming'oko. Akacheka, "Haya, umesema neno. Leo mvua itanyesha." Kisha, labda kwa kufurahi kwamba nimesema, akaanza kunieleza kazi yake, na mimi nikatega masikio yote kwa sababu Ijumaa ilikuwa karibu. Alisema huko juu, kupita ndege zinapofika, jua huichoma hewa nyembamba mpaka ikawa na umeme. Hapo ndipo mawimbi ya redio hugonga na kurudi chini, ndiyo maana sauti ya mbali huweza kutufikia sisi tulioko ng'ambo ya vilima. Mashine yake ilipeleka mlio juu, mwembamba kwanza kisha mkali zaidi na zaidi, na kupima kila mmoja umechukua muda gani kurudi. "Nikijua muda, najua dari iko juu kiasi gani leo."

"Dari ya nani?" nilimuuliza.

"Yetu sote. Haina mwenyewe."

"Kwa nini huku kwetu?"

"Kwa sababu huku karibu na ikweta ndiko dari hufanya vituko. Jua likizama huvurugika yote. Tazama." Akanionyesha filamu. Ya mchana ilikuwa na mstari safi uliopinda mfano wa korosho iliyosimamishwa wima. Ya magharibi ilikuwa imetawanyika kama uji uliomwagika. Nilitazama, nikaona korosho, nikaona uji, na sikuweza kuamini kwamba mtu mzima mwenye elimu hiyo analipwa mshahara apige picha za hivyo. Niliona bado kuna jambo amenificha.

Ijumaa nikamweleza Balozi yote, neno kwa neno. Alinisikiliza amefumba macho. "Dari," alisema. "Na inafanya vituko. Vituko gani?" Nikasema inavurugika. "Nani anaivuruga?" Nikasema hakusema. "Muulize." Ndivyo nilivyokwenda na kurudi miezi yote ile, nachukua maneno ya kilimani nayashusha, nachukua maswali ya chini nayapandisha, na kila nilichoshusha kilikuwa cha kweli, na kila kilipofika barazani kwa Balozi kilikuwa na sura mbaya zaidi. Nimefikiri sana juu ya hili tangu nizeeke. Hizza hakuwahi kunidanganya hata mara moja kwa ninavyojua, lakini ukweli wa mtu usiyemwelewa hausikiki tofauti na uongo.

Kilichomharibia hasa ilikuwa redio. Redio katika nyumba zetu ilikuwa moja, ya Balozi, na betri zake, mawe tulivyoyaita, ziliadimika mpaka tukawa tunazianika juani zipate nguvu tena. Kwa hiyo redio haikufunguliwa ovyo. Ilifunguliwa kwa taarifa ya habari ya saa saba mchana, na ya saa mbili usiku kama kuna jambo, kisha Balozi anaizima kabla muziki haujaanza na kuifunika kitambaa. Tangu milingoti isimame, kila habari zilipoanza, ulipita mlio ndani ya redio kama kanga inayochanwa mkono kwa mkono, krrraaa, ukameza maneno, ukaenda zake. Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya tatu Bi Sharifa, aliyekuwa wakati huo mama wa makamo muuza vitumbua mwenye sauti ya kufika Mchinga, akasema, "Mbona inalia saa ya habari tu?" Kuanzia hapo watu waliketi mbele ya redio si kusikiliza habari bali kuuvizia mlio, na ulipokuja walitazamana na kuelekeza videvu kilimani.

Kisha ikaja siku ya tangazo. Tulijua ni la kuhama. Watu walijaa uani kwa Balozi, wengine wamekuja na majembe yao kutoka shamba. Jambo moja tu walitaka kujua: wenye mazao ya kudumu watafanywaje. Mkorosho haubebeki. Mtu ameupanda akiwa kijana, umemwozeshea watoto, utauachaje ukakae umbali wa nusu siku kwa miguu? Mtangazaji akasoma. Akafika kwenye mazao. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Ama kuhusu wananchi wenye mikorosho, minazi na mazao mengine ya kudumu, serikali..." na mlio ukapita. Krrraaa. Ulipokwisha tayari anasema habari za zahanati na visima.

Mzee mmoja akasema, "Amesema tuachwe." Mwingine akasema, "Hakusema hivyo." "Umesikia wewe?" "Wewe umesikia?" Mpaka jua linapungua, ndugu walikuwa hawasemeshani kwa neno ambalo hakuna aliyelisikia. Bi Sharifa alikuwa na mikorosho mingi kuliko wanaume wengi. Alisimama katikati akajifunga kanga upya kiunoni. "Neno letu la kuachwa limesemwa," alisema, "na yule amelichana. Wamemweka alichane. Balozi, unangoja nini kumpeleka?"

Balozi akasema atapeleka habari Lindi. Kila mtu alijua maana yake. Mwaka ule mtu aliyeshukiwa kumsaidia adui alichukuliwa, na aliporudi, kama alirudi, hakuwa yule yule. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo ya baraza. Kwa maana nilikuwa nimeelewa, palepale, kilichowapotosha, na nilikuwa mtu pekee aliyeweza kuelewa, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyeshinda na mashine. Nikasema, "Baba." Hakusikia. Nikasema tena. Bi Sharifa akanyamazisha watu, "Hebu, bubu anasema!" Wakacheka, nami nikasema nikitazama miguu yangu, "Si saa ya habari tu. Inalia kila robo saa, kutwa kucha. Nyinyi redio mnaifungua saa ya habari tu."

Balozi akaniambia nirudie, nikarudia. Alikuwa mtu wa haki, namshuhudilia leo yuko kaburini. Alisema, "Basi tutajua. Leteni mawe." Kesho yake watu wakatoa betri za tochi zao, redio ikawekwa kwenye kinu kilichopinduliwa, ikafunguliwa asubuhi na mapema na haikuzimwa. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea kwetu. Tulisikia vipindi ambavyo hatukujua kama vipo: mafundisho ya kilimo, salamu za wagonjwa, muziki wa dansi ambao watoto waliucheza mavumbini. Na katikati ya pamba na mbolea, krrraaa. Katikati ya salamu, krrraaa. Katikati ya gitaa, krrraaa. Balozi alikuwa na saa ya mkononi, akainua kidole kila mara ulipopita. Kila robo, kama nilivyosema. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa mbele, na nilijiona nimemwokoa mtu.

Adhuhuri Bi Sharifa akainuka. "Lahaula," alisema, polepole. "Kutwa nzima. Sisi tulidhani anaiba saa ya habari, kumbe anaiba siku yote."

"Hata tukiwa shamba," mtu akasema.

"Hata tukilala," akasema mwingine. Nikawatazama nyuso. Waliokuwa na wasiwasi jana leo walikuwa na hakika. Nilitaka kusema sivyo, sivyo nilivyokusudia, lakini sauti niliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha yote. Balozi aliizima redio akaifunika. Hakunitazama.

Balozi akapeleka habari Lindi, na wakaja na Landrova, mgambo wawili na ofisa mmoja wa kaunda suti. Hizza alikuwa anakula. Hakubishana. Aliomba anawe mikono, akanawa, akaniambia, "Somoe, isizimwe. Ikikatika siku moja tu mwaka wote unaharibika, kuna watu kila pembe ya dunia wanapima saa ileile." Alisema mbele yao, kwa sauti ya kawaida, na nilimwona ofisa anavyogeuka kumtazama aliposikia habari ya watu wa kila pembe ya dunia. Wakampakia. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja. Gari lilipokuwa linashuka mashine ikagonga, tak, ikanguruma, na wale waliobaki kilimani wakaruka nyuma.

Balozi alipanda kesho yake na watu nyuma yake. Hawakutaka kuvunja kitu, walitaka tu inyamaze, na hakuna aliyethubutu kuigusa. "Unajua inapozimwa?" aliniuliza. Nikasema najua. "Zima, mwanangu." Nilisimama mbele ya kabati lile nikafikiri juu ya mwaka wa mtu unaoharibika, kisha nikafikiri juu ya maneno yake mwenyewe, watu kila pembe ya dunia, saa ileile, ni watu gani hao? Nami nilikuwa sijui. Karibu mwaka mzima nimesikiliza na sijui. Nikashusha swichi kubwa ya umeme. Jenereta uani ikakohoa ikanyamaza, na tukasikia kitu ambacho tulikuwa tumekisahau, upepo ukipita kwenye nyaya.

Habari za saa saba zilikuwa safi kama mtu anasoma akiwa ameketi nasi uani. Siku chache baadaye tangazo likarudiwa lote. Mtangazaji akafika kwenye wenye mikorosho, minazi na mazao mengine ya kudumu, hakuna kilichopita, hakuna kilichochanika, na kila mtu akasikia kwamba nao watahama, mashamba yao watayahudumia kutokea kijijini. Balozi alinyoosha mkono kuzima kisha akauacha hewani. Aliyesema alikuwa Bi Sharifa, kwa sauti ndogo nisiyowahi kumsikia nayo. "Heri ilipokuwa inalia."

Tukahama. Malori yalikuja, paa za makuti zikateremshwa, tukapangwa kwa mistari hapa tulipo mpaka leo. Mikorosho ikamezwa na pori. Hizza alirudi baada ya kitambo, amekonda, ana barua ya kumsafisha, akafungua mashine yake vipande vipande akaipakia. Nilipanda kumwona. Aliniuliza nani aliyezima, nikamwambia ni mimi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei. Akaniambia tu, "Haya, Somoe. Umesema," na sikujua anamaanisha siku hiyo au siku ile nyingine.

Sasa alikuwa hapa, kwenye mkeka wa matanga, anarukwa. Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye. "Shikamoo."

"Marahaba, Somoe. Bado hupiki pilau, natumai." Akaniambia Balozi Mfaume alimfuata Lindi kwa miguu wakati ule, akakaa nje ya kituo siku nyingi, akawaambia wakubwa kwamba yeye alipeleka maneno ya watu, hakupeleka ushahidi. "Ndiye aliyenitoa. Barua ilikuja nimeshatoka. Nisije kumzika?" Nilikuwa sijui habari hiyo. Balozi hakuisema kwa mtu, na nikajiuliza kwa nini hakuisema, na kama ni kweli. Ndivyo nilivyofanywa na mwaka ule, hata jambo jema hulishika kwanza nikaligeuza nione chini kuna nini.

Bi Sharifa alikuwa ametuona. Alikuja akiegemea bega la mjukuu wake, sahani ya pilau mkononi, akasimama juu ya Hizza bila kuishusha. Watu waliokuwa karibu wakaacha kutafuna.

"Wewe," alisema. "Mashine yako ilipeleka sauti juu na ikarudi. Si ndivyo ulivyowaambia wakubwa?"

"Ndivyo, Bibi."

"Lile neno letu la kwanza. La mikorosho. Watu wananiambia lilikuwa lile lile lililosomwa baadaye. Mimi nasema hapana, mara ya kwanza walisema tuachwe, halafu wakabadili. Wewe ulikuwa na masikio ya chuma kule juu. Lilisema nini?"

Nilimtazama Hizza kama nilivyokuwa nikimtazama zamani, mdomo, macho, mikono. Angeweza kumwambia lilikuwa lile lile, akaonekana msomi. Angeweza kumwambia mlisamehewa, Bibi, akala. Aliinamisha kichwa upande, kama analitafuta.

"Sijui," alisema. "Sikulisikia. Mlio wangu ulilifunika, nami nilikuwa nautazama mlio."

Bi Sharifa alimtazama, kisha akanitazama mimi, kama mimi ndiye ninayeulizwa. Nikaitika kwa kichwa. Ndiyo mara ya kwanza niliyomwamini mtu yule.

"Basi kula," alisema Bi Sharifa, akamwekea sahani mapajani juu ya fimbo, akamtuma mjukuu wake akalete maji ya kunawa.